Ndege Isiyo na Rubani Iwe na Mwenyewe

Jahazi likipita mbele ya Mapinga, namba yake humtambulisha mwenyewe. Droni ikipita juu ya nyua zetu haisemi ni ya nani.

Marekani, tangu Septemba 2023, droni zilizoandikishwa hutakiwa kutangaza kwa redio namba zake na mahali zilipo. Kanuni za 2018 za hapa nchini zilidai uandikishaji na kibali. Hilo ni jema. Lakini karatasi iliyo ofisini haisomeki angani.

Hata hivyo, Unguja na Pemba zilipigwa picha kwa droni kuanzia 2016, zikapata ramani, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki. Basi uandikishaji uwe nafuu, ufanyike wilayani. Kijana anayefungiwa mlango hurusha kwa kujificha, na anayejificha hawajibiki.