Jina la Faili Halianzii Herufi ya 15, Bosi

Wasee, leo nawachokoza wale wanaojiita wataalamu wa kompyuta. Mimi niliacha chuo, sina cheti cha kutundika ukutani, lakini kuhesabu najua. Na nyinyi ni kuhesabu huko huko kunawaponza.

Tuseme kuna mfumo wa basari wa Tana River. Unaenda saiba pale Garsen, unaskani barua ya chifu, unaituma. Hifadhidata inaandika njia nzima ya faili hilo:

/picha/garsen/barua.pdf

Sasa programu inataka jina peke yake, yaani barua.pdf. Lazima ikate. Swali ni moja tu: inakata wapi?

Mvivu anahesabu. Hadi mkwaju wa mwisho ni alama 14, basi anaiambia programu ianzie ya 15. Anajaribu Garsen, inakubali. Kipini, inakubali. Madogo, inakubali. Anafunga kompyuta, huyo anaenda kula mahamri. Wala hajashtuka kwamba majina yote matatu yana herufi sita!

Halafu inakuja Hola, makao makuu ya kaunti yenyewe. Herufi nne. Barua.pdf inageuka rua.pdf. Minjila ina saba, hiyo inatoka na mkwaju wake: /barua.pdf. Programu inatafuta rua.pdf, haipo. Na wewe wa Hola unaambiwa hukuleta barua, huku shule inadai karo. Ukiuliza, ati "ni shida ya mtandao." Mtandao gani? Ni mtu alidhani kaunti nzima inafanana na pale alipojaribia.

Na dawa ni rahisi hadi inaudhi. Usihesabu kutoka mwanzo. Tafuta mkwaju wa mwisho, chukua kilicho baada yake. Kwa MySQL ni mstari mmoja:

SUBSTRING_INDEX(njia, '/', -1)

Hiyo -1 inasema hesabu kutoka kulia. Folda ziwe mbili, ziwe kumi, hakuna neno. SQL Server inazunguka kidogo: unageuza maandishi kwa REVERSE, unatafuta mkwaju kwa CHARINDEX, unachukua kipande cha kulia kwa RIGHT. Na Windows inalaza mkwaju upande wa pili, \, kwa hivyo angalia kwanza njia zako zimetoka mashine gani.

Ukishakata, usitupe njia nzima. Garsen kuna barua.pdf na Hola kuna barua.pdf. Jina ni la kuonyesha tu. Kila ombi lipewe namba yake, la sivyo utampa mtu barua ya jirani.

Najua mtaniambia, "Tulia, zikiharibika chache tutarekebisha kwa mkono." Chache kwako wewe uliye na kiyoyozi. Kwa mwanafunzi aliyekosa, ni muhula mzima. Na nani atajua zimeharibika, kama mfumo wenyewe unasema barua haikuletwa?

Kwa hivyo kabla hujatangaza kwamba mfumo wako uko tayari, ujaribu na Hola, Ngao na Minjila. Jaribu na njia isiyo na mkwaju hata mmoja. Zikipita zote, nitag, nitakupigia makofi hadharani. Zikikwama, usimlaumu mtoto wa watu. Rudi ukakate vizuri.