Fungu la Vijana Si Hisani

Tangu mwaka 2018 sheria imeziamuru halmashauri zetu kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Huko Mbinga na Nyasa, ushuru wa kahawa na wa samaki umo katika mapato hayo. Ni jasho la wananchi, wala si hisani ya mkubwa yeyote.

Mwezi Aprili 2023 serikali iliisimamisha mikopo hiyo nchini kote, baada ya wakaguzi kufichua vikundi hewa na madeni yasiyolipwa. Ilirejeshwa mwaka 2024. Kuwaandama wezi ni wajibu. Lakini twauliza: kijana wa Liuli aliyengojea nyavu, na mwenzake wa milima ya Umatengo aliyengojea mbolea, waliiba nini?

Kimya cha vijana kisidhaniwe kuwa ni ridhaa. Tarehe 25 Juni 2024, vijana wa Kenya waliopinga nyongeza za kodi waliingia Bungeni Nairobi, na damu ikamwagika. Kesho yake Rais Ruto akakataa kutia sahihi muswada ule. Kwa nini wasisikilizwe kabla ya maziko?

Twasema: majina ya vikundi na fedha walizopewa yabandikwe hadharani kila kata. Mwizi ashitakiwe yeye, na fungu lisikatwe kwa wote. Na kijana asikilizwe katika baraza la madiwani kabla hajalazimika kusema barabarani.