Maneno ya Mzee Anayeweweseka si Wasia

Sisi tumelelewa kuamini kwamba maneno ya mzee aliye kitandani kwa ugonjwa ni wasia, nayo hayapuuzwi. Desturi hiyo ni nzuri, lakini mwaka uliopita nusura ivunje nyumba yetu, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 78, alianguka kisimani akavunjika mfupa wa nyonga. Tulimpeleka hospitali akapasuliwa salama. Usiku wa tatu alianza kutapatapa, akitaka kwenda kumkama ng'ombe tuliyemwuza zamani. Kulipopambazuka alimnyoshea kidole mke wa ndugu yangu, mkaza mwana wake aliyemletea uji kila siku, akasema mbele ya watu: "Huyu ametia sumu!"

Habari zilifika kijijini kabla ya jua kutua. Wengine walisema mama amerogwa, wengine wakasema mzee hasemi uongo. Shemeji yangu alifunga nguo zake akarudi kwao pamoja na watoto wake wawili.

Baada ya siku sita akili zilimrudia mama. Hakukumbuka lolote. Aliuliza tu: "Mkaza mwanangu yuko wapi, mbona siuoni uji wake?" Tulitazamana kwa aibu.

Ndugu msomaji, hali hii si uchawi, wala si ule usahaulifu wa uzee ujao polepole kwa miaka. Ni kuweweseka kunakozuka ghafla, kwa saa au siku chache, akili ikija na kupotea. Chanzo chaweza kuwa homa, maumivu, upungufu wa maji mwilini, kufunga choo, dawa za usingizi au kupasuliwa. Hata mzee aliyezoea pombe akaikosa ghafla huweweseka, kwa hivyo daktari na aambiwe kweli. Wengine hawapigi kelele. Hulala kimya wakizubaa, nasi tukasema wamepumzika.

Tena mara nyingi hali hii yaweza kuzuiwa. Mwaka 1999 daktari Sharon Inouye wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na wenzake walitangaza uchunguzi juu ya wagonjwa 852 wenye miaka 70 na zaidi. Kati ya waliotunzwa kwa kawaida, 15 katika kila 100 waliweweseka. Kati ya waliotunzwa kwa njia maalumu walikuwa kama 10. Njia hiyo haikuwa dawa ya ghali. Walikumbushwa siku na mahali walipo, wakasaidiwa kutembea mapema, wakanyweshwa maji, wakavishwa miwani yao, wakasaidiwa kusikia, na wakaachwa walale usiku bila kelele.

Niliposoma hayo nilijilaumu. Miwani ya mama ilikuwa kabatini nyumbani, kwa kuwa tuliogopa itaibiwa. Maji hakunywa, kwani aliona haya kuomba kupelekwa msalani. Nasi, saa za kuwaona wagonjwa, tulijaa watu 15 tukizunguka kitanda, tukabishana juu ya gharama, kisha sote tukatoweka.

Kwa maoni yangu, desturi ya kumjulia hali mgonjwa haina budi kurekebishwa. Badala ya kumiminika kama waendao arusini, jamaa wapeane zamu, mmoja mmoja, wakimletea mzee miwani yake, wakimpa maji ikiwa daktari hakukataza, na kumwambia kwa sauti ya upole leo ni siku gani. Nao wakuu wa hospitali wakubali jamaa huyo mmoja akae wakati wa chakula na jioni. Wapo watakaosema kwamba jamaa huleta fujo wodini. Ni kweli, watu 15 huleta fujo. Lakini mmoja, aliyeelezwa wajibu wake, humpunguzia muuguzi kazi.

Na mzee akianza kupayuka, aitwe daktari, si mganga, wala si baraza la ukoo.

Shemeji yangu alirudi, lakini ni baada ya mama mwenyewe, kwa mkongojo, kwenda kwao kumwomba radhi kwa maneno asiyoyakumbuka. Haikuwa haki aombe yeye. Waliostahili kuomba ni sisi, tuliokuwa na akili timamu tukayaamini.