Waya Kwanza, Kisu Baadaye: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri,

Naomba chumba kimoja. Kiwe na vitanda viwili, kamera juu ya kila kitanda, mashine ya EEG inayoweza kurekodi mfululizo kwa siku kadhaa, umeme wa akiba, na watu wa kukesha. Kiwe ndani ya hospitali ambayo tayari ina madaktari bingwa wa upasuaji wa ubongo. Sihitaji jengo jipya, wala jiwe la msingi.

Kazi yangu ni kupima EEG katika hospitali ya rufaa. Mimi ndiye ninayembandika mgonjwa wa kifafa waya kichwani ili mashine isome umeme wa ubongo wake. Naandika kwa nafsi yangu, si kwa niaba ya mwajiri, na nimeamua kuandika hadharani kwa sababu maombi ya namna hii humezwa na majedwali ya bajeti kabla hayajafika mezani kwako.

Chumba hicho ni cha kumwongoza mpasuaji wa kifafa, kwa hiyo nianze na pingamizi ambalo washauri wako watalileta. Watasema: zahanati zinaishiwa dawa ya kifafa ya phenobarbitone, watu wanawapeleka wagonjwa kwa waganga, mtoto anaungua kwa kuangukia jiko la mkaa, halafu huyu anakuja na habari za kupasua ubongo! Wana haki ya kusema hivyo. Utafiti wa maeneo matano ya Afrika uliochapishwa mwaka 2013, Kilifi na Iganga yakiwemo, ulikuta Ifakara yetu ndiyo inayoongoza: watu wapatao 15 katika kila 1,000 wana kifafa cha kuanguka na kutetemeka ambacho bado kinawasumbua. Wengi wao hawahitaji kisu hata kidogo. Wanahitaji vidonge vya bei nafuu vinavyopatikana kila mwezi bila kukatika, na kama fedha zingetosha jambo moja tu, ningesema ziende kwenye vidonge.

Ila vidonge vina mwisho wake. Patrick Kwan na Martin Brodie wa Glasgow, Uskoti, waliwafuatilia wagonjwa ambao walikuwa hawajawahi kutumia dawa, na mwaka 2000 wakatoa walichokiona: dawa ya kwanza iliwatuliza karibu nusu, ya pili na ya tatu ziliongeza wachache, zaidi ya theluthi moja waliendelea kuanguka. Ndiyo maana leo madaktari wamekubaliana kwamba mgonjwa aliyeshindwa na dawa mbili, zilizochaguliwa vizuri na kumezwa inavyotakiwa, achunguzwe kwa njia nyingine. Kwetu anazungushwa. Anakuja na daftari la kliniki limejaa hadi jalada la nyuma, carbamazepine imepandishwa, valproate imeongezwa, na mama yake ananiambia juzi tu kaangukia kisimani.

Kwa baadhi ya hawa, upasuaji hufanya kile ambacho dawa zimeshindwa. Huko London ya Kanada, si ile ya Uingereza, wagonjwa 80 wenye kifafa kinachoanzia kwenye ubongo wa pembeni, karibu na sikio, waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakapangiwa upasuaji, nusu wakaendelea na dawa. Baada ya mwaka mmoja, matukio ya kupoteza fahamu yalikuwa yamekoma kwa asilimia 58 ya kundi la upasuaji na asilimia 8 ya kundi la dawa. Hayo yalichapishwa mwaka 2001. Mwaka 2017 New Delhi nao wakatoa yao, ya watoto 116: asilimia 77 kwa 7. India hiyo hiyo tunakopeleka wagonjwa wa rufaa.

Sasa mpasuaji akate wapi?

Serikali imesambaza CT-Scan hadi hospitali za rufaa za mikoa, na nani asiyeona manufaa yake. Lakini picha huonyesha umbo la ubongo; haionyeshi tukio linapoanzia. Chukua mtu wa Mbulu, au wa wilaya yoyote inayofuga nguruwe wa kujitafutia. CT yake inaweza kuonyesha madoa meupe matano, kila moja likiwa kaburi la kiluwiluwi cha mnyoo tegu kilichokufa kikageuka chokaa. Lipi kati ya hayo matano linamwangusha? Pengine moja. Pengine hakuna hata moja, na chanzo kiko kwenye kovu dogo ambalo picha hiyo haikuliona kabisa. Mpasuaji anayetegemea picha peke yake hapo anabahatisha, na anabahatisha ndani ya kichwa cha mtu.

Tunajua gharama ya kubahatisha. Mwaka 1953 huko Hartford, Marekani, daktari William Scoville alimpasua kijana wa miaka 27, Henry Molaison, ambaye dawa zilikuwa zimemshinda. EEG haikuwa imeonyesha mahali maalumu ambapo kifafa chake kilianzia. Daktari aliendelea hata hivyo, akaondoa sehemu za ndani za ubongo wa pembeni, kulia na kushoto. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008, Molaison hakuweza tena kuhifadhi kumbukumbu mpya: unazungumza naye, unatoka nje kidogo, ukirudi anakusalimia kama mgeni. Sayansi ilijifunza mengi kutoka kwake. Yeye hakuwa ameomba kuwa somo.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana nahisi wengi wanaopitisha bajeti hawajawahi kuiona. Mgonjwa akija na rasta, kwanza zinafumuliwa. Wasichana wengine hulia hapo, na sishangai, maana kusukwa ni fedha. Kisha napima kichwa kwa futi ya kamba, kutoka kwenye kibonyeo cha juu ya pua hadi kwenye kinundu cha kisogoni, nagawa kwa asilimia 10 na 20, naweka alama kwa penseli ya nta. Nasugua ngozi, napaka gundi, nabandika elektrodi 21 moja moja. Umeme ninaoutafuta ni sehemu ndogo sana ya elfu moja ya volti, na unapita kwenye fuvu kabla haujanifikia. Ni sawa na kusimama nje ya geti la Bunge ukijaribu kusikia nani kaanza kupiga kelele. Feni ikizunguka karibu, jenereta ikiwaka, mgonjwa akikaza meno, rekodi inachafuka.

Kipimo cha kawaida huchukua kama nusu saa. Katika nusu saa hiyo wengi hawaanguki, na karibu nusu ya wenye kifafa kweli hutoa rekodi safi mara ya kwanza. Ndugu wanasomewa kwamba EEG ni ya kawaida, wanaelewa kwamba hana kifafa, wanaondoka naye. Kwa hiyo kipimo hiki cha haraka, ambacho ndicho tulicho nacho hospitalini kwetu, hakiwezi kumwongoza mpasuaji.

Kinachomwongoza ni kulaza. Mgonjwa analazwa siku tatu, siku tano, waya zikiwa kichwani na kamera ikimtazama. Dawa zinapunguzwa polepole chini ya uangalizi, oksijeni na diazepam vikiwa pembeni ya kitanda, na watu wanasubiri tukio. Likija usiku wa manane, aliye zamu anakimbia kitandani, anamwita mgonjwa kwa jina, anampa neno la kukumbuka, anamwambia ainue mikono. Mkono wa kulia unachezea kanga, unaikunja na kuikunjua bila yeye kujua. Wa kushoto umekakamaa na kupinda. Mwenye uzoefu ameshaanza kuhisi ubongo wa pembeni, upande wa kulia. Akirudi kwenye skrini anakuta kabla mikono haijafanya lolote, waya za upande huo huo wa kulia zilikuwa zimeanza kutoa mawimbi ya mpigo mmoja, matano au sita kwa sekunde, ambayo baadaye yakasambaa. Picha ya MRI nayo ikionyesha kovu papo hapo, mambo matatu yamekubaliana, na mpasuaji ana pa kuanzia. Yasipokubaliana, hakati. Hilo la pili nalihesabu kuwa na thamani sawa na la kwanza.

Na kuna kundi ambalo kamera hiyo ingeliokoa hata kama nchi nzima isingekuwa na mpasuaji hata mmoja. Ni watu ambao wanaanguka lakini ubongo wao hautoi umeme wa kifafa wakati wanaanguka. Msongo, majeraha ya moyo, mambo ya nyumbani yasiyosemeka. Wanameza dawa za kifafa miaka na miaka, wanavumilia usingizi na kizunguzungu, na vidonge hivyo havina kazi mwilini mwao. Mtu wa aina hii anatambulika kwa uhakika pale tu anapoanguka huku akirekodiwa. Waliosema tununue vidonge kwanza wazingatie ni vingapi vinaliwa hapo.

Teknolojia yenyewe si ya jana. Hans Berger alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu huko Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Wilder Penfield na Herbert Jasper wa Montreal waliweka elektrodi juu ya ubongo wenyewe, mgonjwa akiwa macho anaongea. Ufaransa wakazitumbukiza hadi ndani kabisa. Hayo ya ndani siyaombi. Na wakija wauzaji na mashine ya mamilioni inayodaiwa kusoma mawimbi ya kasi kupita kiasi, tuwaulize habari za Utrecht: huko Uholanzi waliilinganisha njia hiyo na ile ya zamani ndani ya chumba cha upasuaji, wakachapisha mwaka 2022, na mpya haikuweza kuthibitika kuwa sawa na ya zamani.

Tunaoweza kuwaiga ni wengine. Thiruvananthapuram, katika jimbo la Kerala, walianza mwaka 1995 chini ya Kurupath Radhakrishnan wakitumia MRI na EEG ya video, wakichagua kwanza wagonjwa ambao majibu yao hayana utata. Karibu zaidi kuna Mbale, Uganda: katika hospitali ya watoto ya CURE, Warren Boling na wenzake waliwachagua wagonjwa kwa EEG ya video na picha, wakawapasua hapo hapo, na mwaka 2009 wakachapisha matokeo. Kutoka Mwanza, Mbale ni safari ya basi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ukikubali chumba, tafadhali usikubali mashine peke yake. Mashine bila watu tunazijua; zimefunikwa nailoni. Mimi nilifundishwa kazini na niliyemkuta, naye akastaafu. Tunahitaji kozi rasmi ya kupima EEG, nafasi za ajira zenye jina hilo, na zamu ya usiku inayolipwa. Tunahitaji mtandao wa kutuma rekodi za Bugando au Mbeya zisomwe Dar es Salaam, tusimsafirishe mgonjwa ambaye rekodi yake ingesafiri. Na kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, kitita chake kiitambue EEG ya video ya siku kadhaa kama kipimo chenye bei yake. Bila hivyo vitanda vitakuwepo na atakayelala ni mwenye fedha taslimu.

Mwaka 2022 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha mpango wa kifafa na magonjwa mengine ya neva utakaokwenda hadi 2031. Siku ya Kifafa Duniani huadhimishwa Jumatatu ya pili ya Februari, na kila mwaka tunavaa zambarau na kusikiliza hotuba. Naomba hotuba ijayo ya Wizara itaje hospitali itakayopewa vitanda hivyo viwili, na fungu la bajeti litakalovilipia.

Wako katika kazi,

Mpima EEG, hospitali ya rufaa