Kusoma nyumbani si kukaa bure

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu kuhusu vijana wanaosoma sekondari wakiwa nyumbani. Huku kwetu Dodoma wapo, na wengi ninaowafahamu wanakwama njiani. Watu husema wanakwama kwa kukosa simu na intaneti. Mimi nasema kikwazo kikubwa zaidi ni sisi wenyewe tunaoishi nao, kwa kuwa tunaamini kwamba mtoto asiyevaa sare hasomi.

Serikali imefanya sehemu yake. Novemba 2021 ilitangaza kuwa wanafunzi walioacha shule, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurudi. Asiyeweza kurudi darasani anayo njia nyingine kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Katika mpango huo kijana husoma masomo ya Kidato cha Kwanza na cha Pili kwa mwaka mmoja, akafanya Mtihani wa Maarifa, kisha akajiandaa kwa mtihani wa Kidato cha Nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Vitabu vya kiada vinapatikana pia katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Sasa tutazame nyumbani. Kijana huyu anatakiwa kumaliza kwa mwaka mmoja kazi ambayo mwenzake wa shuleni hupewa miaka miwili. Lakini Januari na Februari, wakati wa palizi, yeye ndiye wa kwanza kupewa jembe. Ng'ombe wakikosa mchungaji, anaitwa yeye. Akiwa msichana mwenye mtoto, ataamka kwenda kuchota maji, atapika, atanyonyesha, na akishika daftari saa tatu usiku ataambiwa anamaliza taa. Akishika simu, ndiyo kabisa: ataambiwa anachati na wanaume. Mwenzake aliye bweni hasumbuliwi na mtu, kwa sababu haonekani. Wa nyumbani anaonekana, basi anatumwa.

Ndugu Mhariri, jambo la kufundisha mtu akiwa mbali si geni katika nchi hii. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya iliyoendeshwa kwa redio, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Redio haikufundisha peke yake. Watu walikaa katika vikundi, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai kwa mtindo huo huo. Kinyume chake, shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalirushwa kwa redio na televisheni, lakini mtoto aliachwa asikilize peke yake, tena kama betri ipo. Chombo kimebadilika kutoka redio hadi simu, lakini haja ya kuwa na mtu wa kumuuliza kijana "leo umesoma nini?" haijabadilika.

Kwa hiyo natoa mapendekezo yafuatayo:

Kwanza, kila mzazi mwenye mwanafunzi wa nyumbani ampangie saa mbili au tatu kila siku ambazo hatumwi na mtu yeyote. Saa hizo ziheshimiwe hata wakati wa mavuno.

Pili, mzazi asiseme kuwa hawezi kusaidia kwa kuwa hakusoma sekondari. Kukagua daftari kama limeandikwa, na kumtaka mtoto aeleze alichosoma, hakuhitaji cheti.

Tatu, vijana wakusanywe katika vikundi. Simu moja yaweza kuwatosha watano: mmoja anapofika mahali penye mtandao mzuri apakue masomo, kisha wayasome pamoja bila kutumia bando. Viongozi wa vijiji wawaombee darasa moja katika shule ya kata jioni, na walimu wastaafu wajitolee, hasa katika Hisabati na Kiingereza.

Nne, watoto wadogo wa wasichana hawa waangaliwe na bibi na shangazi kwa saa hizo za kusoma. Bila hilo, ruhusa ya mwaka 2021 itabaki kwenye karatasi.

Dodoma ni makao makuu ya nchi. Si jambo la kujivunia mtoto wa Mvumi au Bahi akose cheti cha Kidato cha Nne akiwa na kitabu mkononi, eti kwa sababu hakupewa nafasi ya kukifungua. Wazazi wenzangu, anayesoma nyumbani yuko kazini. Tumwache afanye kazi yake.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mzazi,
Chamwino, Dodoma.