Injini Huuawa Kidogo Kidogo

Visiwa vyetu vinaishi kwa dizeli. Meli zivushazo watu baina ya Unguja na Pemba, malori yachukuayo karafuu hadi bandarini Mkoani, jenereta za hospitali: vyote hivyo vimo mikononi mwa fundi. Umeme ulipokatika Unguja tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, tulijionea thamani ya jenereta iliyotunzwa na hasara ya ile iliyosahauliwa.

Mafundi wetu ni hodari wa kufungua na kufunga, lakini si wote waliopata kufundishwa kwa nini mtambo huharibika. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Huibana hewa ndani ya silinda mpaka ikapata joto la zaidi ya nyuzi 500, kisha nozeli hunyunyiza mafuta, nayo huwaka yenyewe. Nozeli na pampu yake zimechongwa kwa vipimo vyembamba kuliko unywele. Maji kidogo ndani ya tangi, au filta isiyobadilishwa, hutosha kuziharibu. Oili chafu hula beringi. Giaboksi na difu nazo zina oili yake, ambayo wengi hawaikumbuki mpaka meno yamesagika. Hivyo injini haifi ghafla. Huuawa kidogo kidogo.

Tunaiomba Serikali mambo mawili. Kwanza, Taasisi ya Karume na vyuo vya amali, kikiwamo cha Vitongoji, vipewe injini nzito za kufunguliwa na wanafunzi, pamoja na vifaa vya kupimia zile za kisasa ziongozwazo kwa kompyuta. Pili, kila chombo cha umma kiwe na daftari la saa za kazi, na fungu la oili na filta lisiguswe kwa matumizi mengine. Afisa anayelikata fungu hilo hajaokoa fedha. Ameahirisha deni, na deni hilo huja kudaiwa baharini, injini ikizima katika mkondo wa Nungwi na abiria wamo.

Wenye vyombo binafsi nao wasijitoe katika wajibu huu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; na ukuta wa chuma huagizwa ng'ambo, kwa fedha za kigeni.