Utando wa Utumbo Hujengwa Upya

Katika mitaa yetu ya Bunia mama mwenye mtoto anayeharisha huambiwa mara nyingi na majirani: “Usimpe chakula, tumbo lipate kupumzika.” Neno hilo husemwa kwa mapenzi. Lakini lina hatari, nasi leo twataka kueleza sababu yake.

Utumbo mwembamba si bomba la kupitishia chakula tu. Ndani umefunikwa na utando mwororo wenye vidole vidogo mno, ambavyo kazi yake ni kufyonza maji na chakula. Na katikati ya vidole hivyo mna vishimo. Utando huo huchakaa upesi sana. Chembe zake nyingi huishi siku 3 hata 5 tu, kisha hubanduka na kutoka pamoja na choo. Mwenye nyumba ya udongo hatashangaa: mvua hula ukuta, naye hana budi kuukandika tena.

Ni nani basi aamuruye ukandikaji huo? Chini kabisa ya vishimo hukaa chembe mama, zizaazo nyingine zote. Mwaka 2007 Hans Clevers na wenzake huko Utrecht, Uholanzi, walizitambua kwa hakika. Chembe hizo hazizai kwa kupenda kwao, bali hungoja ujumbe, na ujumbe wenyewe ni protini ziitwazo Wnt, zitolewazo na chembe jirani na nyama laini iliyo chini ya utando. Protini nyingine, R-spondin, huutia ujumbe nguvu. Kadiri chembe changa zinavyopanda juu, ujumbe huo hufifia. Hapo protini ziitwazo BMP huziamuru ziache kuzaliana, zishike kazi ya kufyonza. Mwaka 1998 wataalamu wa Uholanzi walionyesha kwamba panya waliokosa kiungo kimoja cha kupokea ujumbe wa Wnt hawakuwa na chembe mama katika utumbo mwembamba, wakafa mara baada ya kuzaliwa. Wala ujumbe usiokoma si heri: saratani nyingi za utumbo mpana huanza hivyo.

Turudi kwa mtoto wetu. Virusi vya rota huua chembe za ncha za vidole, zile zenye kufyonza. Kipindupindu, ambacho wakazi wa kando ya Ziwa Albert wanakijua mno, chafanya vingine: sumu yake hufungulia maji ya mwili yatoke, bila kubomoa sana utando. Vidole vikibomolewa, kwa kawaida chembe mama chini ya vishimo husalimika, na kazi ya kujenga huanza mara moja. Lakini fundi hakandiki bila udongo. Mtoto akinyimwa chakula, chembe huzaliana polepole, vidole hubaki vifupi, na chakula cha kesho hakifyonzwi vema. Naye huharisha tena. Familia zilizokimbilia Bunia kutoka Djugu mwaka 2018 zilisongamana kambini. Mahali pa namna hiyo, penye chakula haba na maji machafu, mtoto huugua tena kabla utando haujatengenea.

Kwa hiyo, ninyi akina mama, msiache kunyonyesha. Ndani ya maziwa yenu mna protini iitwayo EGF, nayo ni ujumbe wa kukuza utando. Aliyekwisha kuanza kula apewe uji wenye soya au unga wa samaki, au ndizi iliyopondwa, kidogo kidogo na mara nyingi. Maji yanayopotea yarudishwe kwa dawa ya chumvi na sukari ya kituo cha afya. Ikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote visawazishwe, visirundikwe. Tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF hushauri pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hata 14. Wengi huviacha siku ya tatu choo kinapokuwa kigumu, nasi twasikitika, maana ukandikaji ungali unaendelea.

Akiharisha damu, macho yakizama, au akishindwa kunywa, apelekwe kwa daktari siku ile ile. Akiisha kupona, aongezewe mlo mmoja kila siku kwa muda wa majuma mawili.